Ubingwa haununuliwi: Somo la Tukuyu Stars kwa anayeanza eFootball

MWAKA 1986 Simba na Yanga zilibaki kutazama. Ubingwa wa soka Tanzania Bara ulikata kona Uyole, ukapandisha milima ya Rungwe na kutua Tukuyu, mji wa mvua, ndizi, chai na baridi. Waliobeba ndoo walikuwa Tukuyu Stars, 'Banyambala', yaani wanaume kwa Kinyakyusa. Ulikuwa msimu wao wa kwanza kwenye ligi ya juu, na hakuna aliyewapigia hesabu.

Taji hilo halijawahi kurudi tena Tukuyu. Lakini kila mzee wa mji ule anayelikumbuka hulisimulia kwa namna moja: timu haikununua majina, ilitengeneza majina. Sekilojo Chambua, kiungo aliyekuja kuwa roho ya Yanga na Taifa Stars, alipitia hapohapo kabla Dar es Salaam haijamjua.

Takribani miaka 40 baadaye, vijana wa Tukuyu wanaunda timu zao upya. Safari hii si uwanjani, ni kwenye simu. Mvua ikishaanza kumwagika mchana, uwanja ukageuka tope, simu zinatoka mifukoni. Bodaboda anayesubiri abiria pale stendi, muuza ndizi wa Kyimo, mwanafunzi aliyefunga shule, wote wana kikosi. Wengi wao wana pia kilio kimoja: "Nimesajili mastaa kibao, mbona napigwa tano?"

Jibu lake ndilo lilelile la mwaka 1986.

MCHEZO WENYEWE

eFootball ni gemu la kampuni ya Konami ya Japan. Wakongwe wa vibanda vya gemu wanalijua kwa majina yake ya zamani: Winning Eleven, kisha Pro Evolution Soccer au PES. Jina jipya lilipoingia sokoni Septemba 30, 2021, lilipokelewa kwa kicheko. Nyuso za wachezaji zilikuwa vituko, mpira ulikuwa mzito, na picha za Messi na Ronaldo waliochorwa vibaya zilizunguka dunia nzima. Konami waliomba radhi, wakarudi mazoezini na kulijenga upya mwaka 2022. Toleo la simu lilitoka Juni 2 mwaka huo.

Kwa hiyo hata gemu lenyewe lilianzia mkiani.

Kinachowavuta vijana ni sehemu iitwayo Dream Team. Humo mtu anaanza na wachezaji wa kawaida, anasajili, anawapandisha ngazi mmoja mmoja, anachagua kocha, kisha anapanda madaraja kuanzia la 10 mpaka la 1 dhidi ya watu halisi kutoka kila pembe ya dunia. Kupakua ni bure. Kucheza ni bure.

Na hapo kwenye neno 'bure' ndipo wengi wanapopigwa goli la kwanza.

HESABU YA BOKSI

Ndani ya gemu kuna pesa za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni GP, inayopatikana kwa kucheza mechi na kutimiza majukumu. Ya pili ni sarafu za eFootball. Hizi hutolewa chache kama zawadi, lakini mtu akitaka nyingi lazima atoe pesa halisi, shilingi iliyotoka mfukoni.

Sarafu ndizo zinazofungua maboksi ya mastaa. Mtu halipi na kuchagua anayemtaka. Analipa, mpira unazunguka kwenye skrini, kisha anapewa yeyote aliyetoka. Jaribio moja limekuwa likigharimu sarafu 100, na majaribio kumi kwa mpigo 900.

Chukua boksi lenye wachezaji 150 ambamo wakali wenyewe ni watatu. Kijana anatoa sarafu 900 na kupata majaribio kumi. Uwezekano wa kumpata angalau mkali mmoja kati ya wale watatu ni kama asilimia 19, hata mara moja kwa tano haifiki. Na kama moyo wake uko kwa mkali mmoja tu, uwezekano ni 10 kwa 150, yaani mara moja katika 15. Akitaka uhakika kamili wa kumpata huyo mmoja, ajiandae kulikomba boksi lote: majaribio 150, sarafu 13,500.

Shabiki yeyote anayejua machungu ya mkeka kuchanika kwa timu moja anaielewa hesabu hii haraka. Tofauti ni kwamba mkeka ukitiki unalipa. Boksi hata likitiki, linampa mtu picha ya mchezaji ambaye miezi michache baadaye atatokea mwingine mkali kuliko yeye.

Mkungu wa ndizi uliobebwa kichwani mpaka sokoni una jasho ndani yake. Kilo za parachichi zilizochumwa, zikachambuliwa na kupakiwa, zina ada ya mtoto ndani yake. Pesa hiyo ikipita kwenye boksi, hairudi. Ushauri wa kwanza kwa anayeanza ni mfupi: miezi mitatu ya mwanzo asinunue sarafu hata moja. Akusanye za zawadi, ajifunze gemu, ajenge kwa GP. Baada ya hapo, akiona bado anataka kununua, atajua angalau ananunua nini.

KIKOSI CHA KWANZA

Kosa la pili la anayeanza ni kusajili kwa jina. Anaona straika wa Ulaya mwenye namba kubwa, anamaliza GP zote kwake, kisha anabaki na mabeki wa mitaani. Dakika ya 20 ameshafungwa matatu, na straika wake wa bei mbaya hajagusa mpira.

Wachezaji wa kundi la kawaida, wale wanaoitwa Standard, wanauzwa kwa GP na mtu anachagua amtakaye. Wengi wanawadharau kwa sababu hawana picha zinazong'aa. Lakini hao ndio Banyambala wa eFootball. Baadhi yao, hasa vijana wadogo kiumri, wana nafasi ndefu ya kukua. Leo namba yake ni ndogo, lakini akipandishwa mpaka dari lake anasimama uso kwa uso na staa.

Ndiyo maana kabla ya kusajili, jicho lisiishie kwenye namba ya leo. Litazame ngazi ya mwisho anayoweza kufika. Kuna wachezaji wa aina ya Trending, wanaotolewa kwa sababu walitamba kwenye mechi za wiki fulani. Wanakuja wakiwa moto tayari, lakini hawapandi ngazi. Wanafaa kumvusha mtu mwanzoni, kama mchezaji wa mkopo. Kuwajenga haiwezekani.

Mpangilio mzuri wa GP za kwanza unaanzia nyuma: kipa, mabeki wawili wa kati, kiungo mkabaji, kisha mbele. Anayeanza hafungwi kwa sababu hana straika. Anafungwa kwa sababu katikati ya uwanja wake pako wazi kama barabara kuu ya kwenda Kyela.

SHINA LA MGOMBA

Sasa kiini cha mchezo, kupandisha ngazi. Mchezaji anapata uzoefu kwa kucheza mechi na kwa programu za mazoezi zinazotolewa kama zawadi. Kila ngazi anayopanda inampa pointi mbili za maendeleo. Mchezaji ambaye dari lake ni ngazi ya 31, kwa mfano, atakuwa na pointi 60 za kugawa akifika juu.

Pointi zinagawanywa kwenye makundi kumi. Saba ni ya wachezaji wa ndani: kupiga golini, pasi, kukokota mpira, wepesi wa mwili, nguvu na kasi ya miguu, mipira ya juu, na ukabaji. Matatu yaliyobaki ni ya makipa.

Hapa ndipo wengi wanapovuruga. Kuna kitufe cha kugawa pointi moja kwa moja, na anayeanza hukibonyeza bila kuwaza. Kitufe hicho kinatafuta namba kubwa ya jumla. Hakijui mwenye timu anachezaje. Wengine wanafanya kinyume: wanatupa pointi kidogokidogo kila kundi ili straika wao ajue na kukaba, ajue na kupiga vichwa, ajue kila kitu.

Mkulima wa Rungwe anamjua mtu wa namna hiyo. Ni yule anayeacha machipukizi yote kumi yakue kwenye shina moja la mgomba, halafu anashangaa mkungu ukitoka mdogo kama wa kuchezea. Anayejua kazi anabakiza mama, mtoto na mjukuu, mengine anayakata.

Lakini kuna upande wa pili wa hesabu. Kadiri kundi moja linavyopanda, ndivyo bei yake inavyopaa. Hatua nne za kwanza zinakula pointi moja kila moja. Nne zinazofuata zinakula mbili kila moja. Nne zinazofuata hapo, tatu kila moja. Maana yake, kufikisha kundi moja hatua ya 8 ni pointi 12, na kulifikisha hatua ya 12 ni pointi 24. Kwa pointi hizohizo 24 mtu angeweza kufikisha makundi mawili hatua ya 8.

Kwa hiyo kanuni ya mgomba inafanya kazi vizuri: makundi matatu au manne yanayoendana na kazi ya mchezaji, yapandishwe kwa uwiano, mengine yaachwe. Straika anayekimbilia mipira ya mbele anahitaji kupiga golini, wepesi na kasi ya miguu. Beki wa kati anahitaji ukabaji, mipira ya juu na kasi ya miguu kidogo ili asiachwe. Kiungo mpishi anahitaji pasi, kukokota na wepesi. Beki anayepewa pointi za kupiga golini ni sawa na kipa aliyenunuliwa njumu za kukimbilia.

Na aliyekosea asilie. Mfumo unaruhusu kufuta mgao na kuanza upya. Kabla ya kubonyeza, asome kwanza itamgharimu nini.

NAFASI, STAILI NA KOCHA

Namba kubwa isiyo kwenye nafasi yake ni bure kabisa. Kila mchezaji ana staili yake ya kucheza. Goal Poacher anaishi mgongoni mwa mabeki akisubiri pasi ya kupenyeza. Box-to-Box ni kiungo asiyekaa, yuko golini kwake na golini kwa mpinzani. Anchor Man anabaki mbele ya mabeki na haondoki. Staili hizi zinafanya kazi mchezaji akipangwa nafasi inayokubaliana nayo. Akihamishwa kusikomfaa, staili inazimika na anabaki amesimama kama mlingoti.

Mashabiki wa soka wanaijua hadithi hii bila hata kushika simu. Ni mara ngapi klabu imeleta winga wa bei kubwa dirisha dogo, kocha akampanga namba 10, na baada ya wiki tatu jukwaa zima linamzomea? Anayezomewa hakuwa na kosa.

Kocha naye anahesabika. Kuna mifumo mitano ya uchezaji wa timu: kumiliki mpira, kaunta ya haraka, kaunta ya mipira mirefu, kupitia pembeni, na mipira mirefu. Kila kocha ana alama zake kwa kila mfumo. Kocha aliye juu kwenye kaunta ya haraka akilazimishwa kumiliki mpira, timu nzima inashuka.

Kwa anayeanza, kaunta ya haraka ndiyo inayowavutia wengi kwa sababu ina mbio, lakini inataka mikono mepesi na inaacha mashimo nyuma. Mipira mirefu kwa kaunta inasamehe zaidi: timu inakaa nyuma kwa umbo, inanasa mpira, inapeleka mbele. Si soka la kupendeza, lakini linajaza pointi wakati mtu bado anajifunza. Kikubwa ni kuchagua mfumo mmoja, kutafuta kocha wake, kisha kusajili wachezaji wa mfumo huo. Kubadilisha kila baada ya kipigo ndio mwanzo wa kutofika popote.

Jambo dogo linalosahaulika ni mshale wa hali ya mchezaji. Kabla ya mechi, kila jina lina mshale unaoonyesha siku hiyo yuko vipi. Staa mwenye mshale uliolala chini ni heri abaki benchi, aanze kijana mwenye mshale wa juu. Wenye benchi zuri hawaogopi mishale. Ndiyo maana pointi zisimalizwe zote kwa kumi na mmoja wa kwanza.

NJUMU ZA SKRINI NA SIMU YA MKONONI

Katika magemu mengi ya mtandaoni, vifaa ndivyo vinavyomtofautisha mkongwe na mgeni: upanga mkali, ngao nzito. Kwenye eFootball mambo yako tofauti. Njumu, glovu, jezi na mpira wa skrini ni mapambo. Haviongezi kasi wala shabaha. Anayetafuta nguvu kwenye rangi ya njumu anajidanganya.

Silaha halisi za mchezaji ni ujuzi wa ziada. Mbali na ujuzi aliozaliwa nao, mchezaji anaweza kuongezewa mpaka mitano kupitia programu maalumu: pasi ya kupenyeza, pasi ya mguso mmoja, kunasa pasi za adui na mengineyo. Programu hizo ni adimu. Zisitumike kwa mchezaji wa kupita. Ziwekwe kwa yule ambaye mwenye timu ana hakika atakuwa naye mwaka mzima. Kwa kuanzia, kunasa pasi kwa kiungo mkabaji na mabeki wa kati kunalipa kuliko chenga za madoido kwa winga.

Vifaa vingine viko nje ya skrini, na huku ndiko mechi nyingi za Rungwe zinakopotea.

Cha kwanza ni simu. Haihitajiki simu ya mamilioni, lakini gemu linakula zaidi ya GB 2 za nafasi, na simu iliyojaa picha na video itakwama tu. Afute visivyohitajika, azime programu nyingine zote kabla ya mechi, na ashushe ubora wa picha kwenye mipangilio. Nyasi zitapungua urembo, lakini mpira utatembea. Mpira unaotembea ni bora kuliko nyasi nzuri.

Cha pili ni mtandao. Milima ya Rungwe ni mizuri kwa macho, si kwa mawimbi ya simu. Kuna pembe za nyumba ambako mtandao unashika na pembe ambako unakata. Mtu aijue pembe yake kabla hajaingia mechi ya kupanda daraja. Mechi yenyewe haili bando kubwa. Kinachomaliza bando ni masasisho, yale mafaili mazito yanayoshuka kila msimu mpya. Hayo yasubiri bando la usiku au sehemu yenye intaneti ya bure.

Cha tatu ni chaji. Umeme ukikatika dakika ya 70 na simu ikazima, mara nyingi mfumo unahesabu mchezaji amekimbia na anapewa kipigo. Anayeanza mechi na asilimia 9 za chaji ameshajifunga mwenyewe. Kucheza huku simu inachajiwa nako si dawa: simu inachemka, kasi inashuka, betri inazeeka kabla ya wakati.

MIKONO HAINUNULIWI

Kuna ngazi moja ambayo Konami hawaiuzi kwa GP wala kwa sarafu: mikono ya mchezaji mwenyewe.

Njia ya kuipandisha inajulikana. Aanze na mazoezi ya ndani ya gemu, ambayo yanatoa zawadi pia. Aendelee na mechi dhidi ya kompyuta, apandishe ugumu polepole. Huko anavuna GP na uzoefu wa wachezaji bila presha. Mfumo wa kusaidiwa pasi na mashuti upo, na si aibu kuutumia wiki za mwanzo. Kisha ndipo aingie madaraja. Daraja la 10 na la 9 ni ya kukosea, hakuna anayekumbuka nani alifungwa huko.

Mazoezi mengine bora yapo mtaani: kibanda cha gemu. Pale kwenye runinga na padi, kwa kawaida watu wanachukua timu za kawaida zilizo sawa, hakuna ngazi wala sarafu. Sheria ni moja, aliyefungwa analipa. Visingizio vyote vinajulikana, "mwanangu, padi hii imekufa" kikiwa cha kwanza. Lakini kijana anayekaa kibandani na kutazama mkongwe anavyosubiri, anavyogeuza mchezo, anavyoacha kukimbia hovyo na beki wake, anaondoka na kitu ambacho boksi la sarafu 13,500 halina.

Kosa la mikono linaloua wengi ni moja: kumtoa beki wa kati kwenye nafasi yake kwenda kukaba. Anayeanza anashika kitufe cha kukimbia, anamfuata mwenye mpira, nyuma panabaki wazi. Wakongwe wanamkaba kwa kiungo, beki anabaki nyumbani. Kosa la pili ni kucheza kwa hasira. Baada ya vipigo viwili mfululizo, simu iwekwe chini. Mechi ya tatu ya hasira haijawahi kumrudishia mtu heshima.

AKAUNTI NI KIWANJA

Mwenye kiwanja bila hati anaweza kuamka asubuhi na kukuta mwingine anajenga. Akaunti ya eFootball nayo ni hivyohivyo. Mtu anajenga kikosi kwa mwaka mzima, simu inaibiwa au inaingia maji ya mvua, na kwa kuwa hakuiunganisha akaunti yake popote, kazi yote imekwenda na maji.

Siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya mechi ya kwanza, akaunti iunganishwe na barua pepe au kitambulisho cha Konami. Neno la siri liandikwe pahali salama, asipewe rafiki wala 'fundi' anayeahidi sarafu za bei chee. Anayeuza sarafu za njia za panya anataka kuingia kwenye akaunti, na akishaingia, anaweza kubadilisha kila kitu akabaki nayo yeye. Kununua akaunti iliyokwisha kujengwa nako ni hatari: sheria za gemu zinakataza, na aliyeuza ana uwezo wa kuirudisha mikononi mwake baada ya kula pesa.

Mzazi ambaye simu yake inachezewa na mtoto naye ana kazi. Aweke kizuizi cha namba ya siri kwenye malipo. Kidole cha mtoto kwenye boksi linalong'aa hakijui tofauti ya sarafu ya gemu na pesa ya mbolea.

KUTOKA KILABUNI MPAKA DUNIANI

Wapo watakaouliza kama haya yote yana maana yoyote. Desemba 2024, FIFA kwa kushirikiana na Konami waliendesha Kombe la Dunia la eFootball mjini Riyadh, Saudi Arabia. Kwenye mashine za runinga, taji lilikwenda Indonesia. Kwenye simu, bingwa alitoka Malaysia. Hizo si nchi zinazotajwa kwenye Kombe la Dunia la nyasi. Hazina Messi wala Mbappé. Zina vijana waliokaa na simu zao, wakajua hesabu, wakajua nafasi, wakangoja.

Soka la nyasi nalo lina ngazi hizohizo. Mbwana Samatta hakushuka Uingereza kwa parachuti. Alianzia African Lyon, akapita Simba, mwaka 2011 akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, Januari 2016 akafika Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 akajiunga na Aston Villa, ambako akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Kila kituo kilimwongezea kitu ambacho kituo kinachofuata kilikihitaji. Hakuruka hata kimoja.

Kwenye mashamba ya Rungwe, mche wa parachichi uliopandikizwa unangojwa kama miaka mitatu kabla ya kuanza kuzaa. Hakuna mkulima anayeuchimbua mwaka wa kwanza kwa sababu jirani yake ameanza kuvuna. Anapalilia, anaweka samadi, anangoja.

Kijana wa Tukuyu anayefungua eFootball leo usiku, huku mvua inapiga bati, ana wachezaji wa kawaida, kocha wa kawaida na GP chache. Mpinzani wake wa kwanza huenda ana mastaa kumi wanaong'aa. Atafungwa. Kesho atafungwa tena, lakini machache. Mwezi wa pili atagundua kwamba wale mastaa wanaong'aa wamepangwa hovyo, pointi zao zimemwagwa kila kundi, na anayewaongoza anamfuata kila mpira kwa beki wa kati.

Hapo ndipo atakapofunga. Na mji ule hautashangaa. Ulishawahi kuwaona Banyambala wakitoka mlimani bila jina na kurudi na ubingwa.